Maganda ya Karanga Mbele ya Duka

Yule mama muuza chumvi hapangi chumba cha duka kabla ya kukaa mbele yake mchana kutwa, akimenya karanga kwa kidole gumba, macho kwenye nyuso za wapita njia. Duka lake la mtaa wa Bukoto hujaa wateja, na wivu humkaba Abdulghani, naye muuza chumvi. Siku alipokuja kumenya mkabala na duka la Abdulghani, kando ya lango la kambi ya askari mtaani Mbuya, Abdulghani alijua wateja wake watamhama. Jioni mama akajikung'uta maganda, akamwambia Abdulghani:

“Hapa sipataki, Haji. Watu wakifika kwa askari, wote wanainamisha vichwa. Chumvi wataiona saa ngapi?”

Abdulghani, aliyepachagua hapo ili askari wamlindie mali, akaketi penye maganda ya yule mama. Watu walipita wameinama.

“Heri angekuja kuninyang'anya wateja,” akanung'unika.