Hewa Ndani ya Injini ya Baba Akinyi

Asubuhi niliyoondoka kwetu Chepseon sijaisahau, mwanangu. Sikuwa na mpango wowote. Shule nilikuwa nimeiacha, nikawa natembea tu nikitazama mashine za watu. Nikafika Kericho kwa Baba Akinyi, mfanyakazi wa kiwanda cha chai aliyebakisha wiki mbili astaafu, arudi kwao ziwani. Alikuwa amenunua injini kuukuu ya boti kwa Oloo, jirani na rafiki yake wa miaka mingi. Ilikaa uani juu ya mbao, na pipa la maji kando badala ya ziwa.

"Hii ndiyo itanilisha nikizeeka. Unaiweza?"

"Injini ni injini, mzee."

Nilimwaga maji ya kupozea ya ndani ya injini, yaliyojaa kutu, nikajaza mapya, nikafunga, tukawasha. Mshale wa joto ukapanda. Mpira wa kutoka kwenye pipa ulikuwa unavuta maji ya nje vizuri. Mama Akinyi aliacha kuanua nguo, akaja kugusa paipu ya juu ya injini.

"Kijana, mbona hapa ni baridi na mshale uko kwa nyekundu?"

"Mama, hii si sufuria ya ugali."

Mzee akacheka. "Sufuria yangu haijawahi kunidanganya," mama akajibu, akarudi kwa nguo zake.

Nikasema mshale ndio mbovu, nikaongeza mafuta injini izunguke kwa kasi zaidi. Mvuke mweupe ukafoka, injini ikazima. Silinda hedi, kile kichwa cha chuma cha juu ya injini, ilikuwa imepasuka. Ilipopoa, nikiwa peke yangu, nilifungua skrubu ndogo ya juu. Ikatoka hewa tupu. Hewa niliyosahau kuitoa ndiyo iliyozuia maji kuzunguka.

"Nini imeiua?" Baba Akinyi aliniuliza.

"Mzee, uliuziwa maiti."

Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa Oloo. Nikawasikia wakitukanana kwa lugha yao, watu waliokula pamoja miaka yote hiyo. Nikachukua begi.

Jioni nilifika Mulot, nikapata chumba nyuma ya stoo ya mahindi. Mwenye nyumba aliniuliza kazi yangu. Nikasema fundi.

Niliporudi Kericho, miaka ilikuwa imepita. Baba Akinyi na Oloo walikuwa wamekwenda kwao, kila mtu na gari lake, hawasemezani.

Basi mwanangu, ukibadilisha maji ya injini, toa hewa mpaka maji yatoke bila mapovu. Ikichemka, izime kwanza, halafu umsikilize anayeigusa, hata kama ametoka jikoni. Na ukiharibu cha mtu, mwambie akiwa bado mbele yako, kabla hajaenda kumtafuta mwingine wa kulaumu. Mimi nilichelewa. Mungu akupe moyo ambao mimi sikuwa nao, na popote utakapolala, akulaze bila deni la uongo.