Sauti ya Kuvuka Bonde

Wiki iliyopita mama alinipigia simu mara tatu nikiwa dukani kwangu Bwera, napima vitenge. Niliiona ikilia, nikaiacha. Baadaye nikamwambia mtandao ulisumbua. "Hata huku Kyondo ukungu iko mingi," akajibu kwa upole. Ee, rafiki yangu, aibu ilinishika! Ukungu wa Kyondo nami tunajuana.

Nililelewa huko na babu na bibi. Asubuhi bonde lote lilijaa weupe, vilima vikabaki vinaelea, na harufu ya kahawa iliyoanikwa ilikuwa kila mahali. Simu hatukuwa nazo. Ukimtaka mtu wa kilima cha pili, ulisimama juu ya mwamba, ukauzungushia mdomo viganja, ukaliita jina lake mpaka pumzi iishe. Kisha ulingoja. Ng'ambo, yeyote aliyesikia aliitika "Eee!" na kuupeleka ujumbe. Mpaka leo nausikia usingizini mwito ule.

Babu alipougua sana, alitaka kumwona dada yake wa kilima cha pili. Bibi, mikono imejaa unga wa muhogo, akanituma mwambani. "Ita mupaka waitike." Njiani nikawakuta wenzangu wanateleza mteremkoni juu ya magome ya mgomba. Jamani, utamu ule! Njaa ndiyo iliyonirudisha nyumbani.

"Nimeita, bibi. Ukungu umemeza sauti."

Siku nzima babu alilala ameuelekea mlango. Kila nyayo ziliposikika aliuliza, "Ni yeye?" Bundu, ugali wetu wa muhogo niliokuwa nikiugombania, siku hiyo niliuacha sahanini. Asubuhi nikashindwa kuvumilia, nikamwambia bibi ukweli.

Hakunipiga. "Kumbe ukungu ndiyo ilikushika mudomo?" akasema. "Muzee iko naangalia mulango tangu jana. Enda na miguu yako. Ukifika, useme ni wewe haukuita."

Niliteremka bonde, nikapanda upande wa pili nikilia. Nilimkuta dada yake babu akipalilia. "Babu alikuita jana. Mimi sikukuita, nilikuwa nacheza." Alitupa jembe, akanishika mkono, tukakimbia. Tulimkuta babu bado anapumua, lakini maneno yalikuwa yamekwisha. Alimtazama tu dada yake, mpaka jioni akatutoka.

Mwamba ule sasa umemezwa na nyasi. Kila mtu ana simu mfukoni, na mabonde yamenyamaza. Naukumbuka mwito ule hadi kifua kinauma, na mimi mwenyewe nimejifunza kusema chaji imeisha, mtandao mbaya, nilikuwa kwenye foleni.

Juzi nikampigia mama. "Mama, siku ile nilikuona unapiga. Niliacha tu kupokea."

Akasema, "Haya, mutoto wangu. Dada ya babu iko mugonjwa. Ni weye iko naulizia."

Nilifunga duka mchana kweupe, nikatoka barabarani nikiita boda kwa sauti yangu yote.