Nilivyopima Mwanga kwa Nyayo za Mzee Bare

Siku yangu ya kwanza kazini niliharibu mali ya serikali kabla ya saa nne asubuhi. Msimamizi wa Chumba cha Giza, pale Nairobi, alinikabidhi masanduku manne ya karatasi za kuchapia picha, akaniambia nihakikishe hazijapungua. Mimi nilikuwa mhitimu wa shule ya jioni: miaka minne ya hesabu na Kiingereza baada ya kubeba mifuko ya saruji mchana kutwa. Nikaona nimwonyeshe mhitimu anavyohesabu. Nikayatoa masanduku uani, nikayafungua yote, nikahesabu karatasi moja baada ya nyingine.

"Zimetimia, bwana. Mia nne kamili."

"Umezihesabia wapi?"

"Nje, bwana. Ndani hamna mwanga."

Alikaa juu ya ndoo. "Basi *zilikuwa* mia nne," akasema.

Kwa vijana msiojua: karatasi ile ikionja jua, hata kwa kupepesa jicho, imekwisha. Msimamizi alinisamehe, lakini aliandika kwenye faili langu kwa wino mwekundu: akiharibu kifaa kingine, arudi kwenye saruji. Yeyote aliyewahi kukohoa saruji atajua kwa nini maneno yale niliyakariri kuliko Baba Yetu.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Garissa pamoja na Mpiga Picha Mkuu. Mbuga za taifa zilikuwa jambo jipya, na wakubwa walitaka picha kumi na mbili za nyika ya Ijara na mto Tana, waone kama panafaa kuwa mbuga. Joto la huko msiniulize. Niliivisha mayai mawili mfukoni, na la tatu likaanguliwa.

Mpiga Picha Mkuu alikuwa Mzungu aliyejifunza Kiswahili kitabuni, akakipasi kwa alama za juu, basi hakuna aliyemwelewa vizuri. Lakini kazi aliijua. Kamera yetu ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, yenye kioo nyuma kinachoonyesha dunia kichwa chini miguu juu. Yeye alijifunika kitambaa cheusi na kupanga mandhari: upeo wa macho usikae katikati, ardhi ipate theluthi mbili na anga theluthi moja, na mbele kuwe na kitu cha kulipatia jicho pa kuanzia, kichuguu au mgunga. Akimaliza, hutoa kichwa na kuuliza, "Ewe kijana, kipimo chasemaje?"

Hapo ndipo nilipoingia mimi. Kipimo cha mwanga kilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye mshale. Ukikielekeza kwenye nchi, mshale unapanda, nawe unasoma lenzi iachwe wazi sehemu gani ya sekunde. Ukikosea kwa kuzidisha, picha inapauka. Ukikosea kwa kupunguza, twiga na usiku ni kitu kimoja. Kipimo hicho nilikivaa shingoni kwa kamba, kifuani, kama nishani.

Picha tatu za mwanzo zilikwenda salama. Siku ya nne, mpishi aliinjika chai ya maziwa ya ngamia yenye tangawizi na iliki. Harufu ikaniita. Niliinama juu ya sufuria nivute vizuri, nikasikia *tubwi!* Nilipoivuta kamba, mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri, na hata nilipouelekeza kwenye jua lenyewe haukuamka.

Hakuna aliyeona. Niliifuta ile nishani, nikaivaa tena, nikatembea mpaka kwenye ngamia wetu wa mizigo nikafikirie saruji.

Mwenye ngamia alikuwa Mzee Bare, Msomali wa Ijara. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye akiniita adeer vilevile, ndiyo heshima yao. Nilimkuta amesimama peku juani, anapima kivuli chake mwenyewe kwa nyayo, kisigino kwa kidole.

"Unafanya nini, adeer?"

"Natafuta Alasiri. Kifuli kikifika hapa, naswali. Bado kidogo."

Nikafungua daftari langu. Nilikuwa nimeandika vipimo vya siku tatu pamoja na saa zake, na saa zile alizokuwa akiswali nilizikumbuka, naye akanitajia kivuli huwa nyayo ngapi kila saa. Kumbe kivuli kifupi, mwanga mkali. Kivuli kirefu, mwanga umelegea. Jioni ile nikawa na jedwali kamili: nyayo mbili, sehemu ya mia ya sekunde; nyayo nane, ya hamsini; nyayo kumi na tano, ya ishirini na tano.

Kuanzia hapo, kila mara bwana, yaani Mpiga Picha Mkuu, alipoingia chini ya kitambaa, mimi nilikimbia kwa Mzee Bare. "Adeer, nyayo ngapi?" "Adeer, Adhuhuri imepita?" Kisha narudi mbio, nakikazia macho kile kipimo maiti, nakunja uso. "Chasema sehemu ya hamsini, bwana!" Picha nane tulipiga hivyo.

Sikujua kwamba Mzee Bare ananielewa kivyake. Siku moja wazee watatu walikuja kambini na kibuyu cha maziwa, wakanishika mikono.

"Hongera," akasema mmoja. "Bare ametuambia. Mkristo anauliza swala mara kumi kwa siku! Sisi wenyewe tunauliza mara tano."

Nilikunywa maziwa.

Ikabaki picha moja, ya mto Tana. Bwana hakutaka kuipiga. "Anga hili tupu lachusha," alisema. "Nataka mawingu." Aliyangoja kwa juma zima. Wafugaji nao waliyangoja, malisho yalikuwa yamekauka. Garissa nzima iliomba mawingu isipokuwa mtu mmoja. Siku ya mawingu haina kivuli, na bila kivuli mimi ni mbeba saruji.

Mzee Bare alinikuta nyuma ya hema nimepiga magoti.

"Mashallah! Unaomba nini, adeer?"

Nilishindwa kumdanganya. "Mvua isije."

"Astaghfirullah!" Alirudi nyuma hatua mbili. "Ngamia wangu wamebaki mifuba, wewe unaomba jua? Hii dini gani unaingia?"

Asubuhi iliyofuata mawingu yalikuja, makubwa, ya rangi ya kisu. Bwana akarukaruka kama mtoto, akasimamisha kamera ukingoni mwa mto, akapanga, akatoa kichwa.

"Ewe kijana, kipimo chasemaje?"

Nilimtazama Mzee Bare. Naye alitazama chini pasipo na kivuli, akainua mabega.

"Hakisemi kitu, bwana. Kilikufa kwenye chai."

"Lini?"

"Baada ya picha ya tatu."

"Na zile nane?"

"Ni swala za Mzee Bare, bwana."

"Swala!" Mzee Bare alishika kichwa. "Kumbe ilikuwa kwa ajili ya bicha? Na maziwa yetu umekunywa!"

Bwana alifungua sanduku lake la nguo, akatoa soksi, ndani ya soksi akatoa kipimo kingine, kipya, akapima, akapiga picha. Kipimo cha akiba kilikuwepo siku zote, hatua kumi kutoka kitandani kwangu. Ningeuliza tu.

Tulisafisha picha alfajiri, maji yakiwa bado na ubaridi, maana yakipata joto utando wa picha huyeyuka kama samli. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu wa nguo. Bwana aliinua picha moja moja kwenye mwanga. Zile nane za nyayo zilikuwa safi, kila mgunga na majani yake. Iliyoharibika ilikuwa moja tu, ile picha ya pili ya siku za mwanzo, ambayo yeye mwenyewe alisahau kuzidisha muda alipoweka kioo cha manjano cha kutia anga giza. Aliitazama sana.

"Fungua mzigo wako," akasema. "Na faili lako laweza kungoja."

Alitaka kumwajiri Mzee Bare pia. Mzee alicheka. "Mfua imekuja, bwana. Nani akae hapa kutazama kifuli?" Akaondoka na ngamia wake, na mimi hakuniaga mpaka nilipomkimbilia na kumwomba radhi. "Ukitaka kuswali kweli," akasema, "njia unaijua."

Nilifanya kazi ile mpaka nikastaafu, na kila kifaa nilichoharibu baada ya hapo nilikitangaza kabla hakijapoa. Juzi nilipita ofisini kuziona tena zile nane. Karani kijana aligeuza moja, akasoma mwandiko wangu nyuma.

"Mzee, hapa umeandika 'Alasiri, nyayo nane.' Hicho ni kipimo cha kamera ya kampuni gani?"

"Ya Ijara," nikamwambia. "Ilikuwa nzuri sana, ila ilitaka heshima."