Siri Iliyofika Mbwera Kabla Yangu

Nilikuwa mwanamke wa kupiga kasia mwenyewe. Shamba letu la mpunga liko ng'ambo ya mto. Navuka, napalilia, narudi, napika, na nikipata mwanya nasuka mkeka na binti yangu Zainabu. Watu wa Mbwera walinijua kwa nguvu zangu na kwa mdomo wangu. Naitwa Saada. Nasimulia haya nikiwa na ziwa moja, wala sioni aibu.

Lilianza kama punje ya kunde, ziwa la kushoto. Nikasema ni jipu, nikakanda kwa maji moto. Punje ikakua mpaka ikawa kama kokwa la embe, ngozi ikavutika ndani, chuchu ikaanza kutoa majimaji ya damu yanayonuka. Nililifunika kwa kitambaa chini ya kanga miezi mizima, maana mama yangu alikufa na kidonda cha namna hiyo hiyo, nasi tulisema karogwa. Jirani yetu mmoja tulimnunia mpaka akahama. Hakuwa na kosa yule mama, na mimi nimelijua hilo nimechelewa.

Aliyenigundua ni wifi yangu Mwanahawa, dada wa mume wangu. Alikuta kitambaa nimekianika nyuma ya nyumba.

"Wifi, huu usaha wa nini? Jiandae, kesho twapanda boti."

Simnyimi haki yake. Yeye ndiye aliyenifikisha hospitali ya Kibiti, na Kibiti walipotuandikia rufaa ya Dar es Salaam, akanisindikiza mpaka huko.

Walilikata ziwa. Zikafuata dripu za dawa. Nilitapika mpaka nyongo, mdomo ukachubuka nikawa nanyonya uji kwa mrija, kucha zikageuka nyeusi. Daktari akasema damu yangu itapelekwa nje ya nchi kupimwa vinasaba, yale mambo ya mwilini tunayorithi kwa wazazi, ili nichaguliwe dawa inayonifaa mimi hasa. Alinisomea karatasi: siri yangu italindwa, hata jina langu halitaonekana. Nikaweka dole gumba.

Majibu yalipokuja, daktari alitukuta watano kwenye benchi, mimi, Mwanahawa na ndugu wengine watatu.

"Mama, tuzungumze wawili, au ndugu zako waingie?"

Kwetu mgonjwa haingii kwa daktari peke yake. Aliyekusindikiza anasikia unachosikia, la sivyo kakusindikiza nini? Nikajibu, "Hawa wangu wote, daktari. Waingie." Hilo ndilo kosa langu, na linanitafuna mpaka leo.

Daktari akasema, "Dawa tumeipata. Lakini hitilafu hii umeirithi, pengine kwa mama yako. Binti yako anaweza kuwa nayo, anaweza asiwe nayo. Aje apimwe. Tukijua mapema, tunaweza kuuwahi ugonjwa."

Maneno ya kheri hayo. Mwanahawa akabeba nusu yake. Mimi nilibaki Dar kumalizia dawa, yeye akatangulia nyumbani. Huko nje ya nchi ilikopimwa damu naamini siri yangu waliitunza vizuri sana. Lakini Mbwera siri hiyo ilifika kabla yangu, tena imenona: ukoo ule saratani iko damuni, wanazaliwa nayo.

Zainabu alikuwa ameposwa na kijana wa Bungu. Wiki niliyorudi, mshenga akaja. Alikaa kwenye mkeka wangu, akanywa chai yangu, akasema, "Bi Saada, wenzangu wanaona kijana bado hajajipanga."

"Sema ni ziwa langu," nikamwambia.

Akatazama kikombe, akakiweka chini, akaaga.

Nilimwendea Mwanahawa nikamuuliza kwa nini. Akalia. "Wifi, mie niliwaambia watu wakuombee dua." Huenda ni kweli. Sijamsamehe.

Dawa ilinikubali. Nywele zimeota, navuka mto tena, ingawa mkono wa kushoto unavimba nikipiga kasia sana. Namshukuru Mungu, namshukuru na daktari. Wewe unayeugua, ukiambiwa upime, pima. Bila kipimo kile ningekuwa kaburini karibu na mama. Ila kabla hujasema "waingie," kumbuka kuwa pale hausomwi mwili wako tu. Wa mwanao nao unasomwa, na yeye hujamuuliza.

Zainabu nimemsihi twende Dar mara tatu. Juzi alikuwa anatwanga, mkono juu, macho yangu yakaenda kwapani mwake kutafuta uvimbe, nikashindwa kuyazuia. Akauweka mchi chini, akajifunga kanga mpaka shingoni.

"Mama, weye umepima ukapona. Mie hata sijaugua, nishakuwa mgonjwa wa Mbwera nzima. Hospitali siendi."

Siku hizi anangoja nivuke kwenda shamba, ndipo aoge.