Ndiyo ya Shangazi

Nilipomaliza sekondari nikawa nimekaa tu nyumbani Bagamoyo, alikuja mtafiti kutoka chuo kikuu akitafuta msichana wa kumsaidia kuhoji wanawake vijijini. Baba alimuuliza maswali mengi kuliko aliyokuja nayo yeye, kisha akaniruhusu, kwa kuwa kazi yenyewe ilikuwa upande wa Fukayosi, na huko aliishi dada yake, shangazi yangu, ambaye angenilaza kwake.

Serikali ilitaka kujua kama watu waliotawanyika mashambani wako tayari kuhamia kijiji kipya kando ya barabara. Swali langu lilikuwa hivi: "Je, ungependa kuishi karibu na maji, shule na zahanati?" Nani angesema hapendi? Kila ua nilioingia niliitikiwa ndiyo, nikapewa na muhogo wa kuchemsha. Kadiri ndiyo zilivyozidi, ndivyo nilivyokosa utulivu. Ilikuwa kama kumuuliza mwenye njaa kama anapenda wali, bila kumwambia wali wenyewe uko wapi.

Shangazi naye alimjibu mtafiti ndiyo. Jioni, tukipepeta mchele, nikamuuliza, "Shangazi, kweli utaiacha mikorosho yako?"

"Niiache niende wapi?"

"Si umesema ndiyo mchana?"

"Mgeni kaja mpaka kwangu, na heshima zake, ananiuliza kama napenda maji. Nimjibu sipendi? Habari ya mikorosho hakuniuliza."

Asubuhi nikamweleza mtafiti. Hakukasirika. Alivua miwani akaifuta kwa shati.

"Ndugu, wewe ni mtoto wa kaka yake," akasema. "Nitajuaje kwamba hakukujibu vile ili akufurahishe wewe?"

Swali lake likanikera. Hata hivyo aliongeza swali la mashamba na makaburi, tukazunguka upya. Safari hii majibu yaligawanyika. Wengine waliinamisha vichwa wasiseme kitu. Aliyaandika yote, hata ule ukimya.

Baadaye nilipata kazi ya kupiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Siku ya kikao niliitwa kuandaa chai, nikamsikia afisa akisema, "Utafiti umeonyesha wananchi wako tayari." Akaifunga taarifa ya yule mtafiti.

"Samahani, mzee," nikasema, birika mkononi. "Kuna sehemu ya pili. Inasema wengi wanaogopa kuacha mashamba. Nilikuwapo."

Wote wakageuka.

"Binti," akasema taratibu, "mvua hazitungojei tusome kila kitu. Mimina chai."

Nikamimina, nyingine ikaingia kwenye visahani.

Watu walihamishwa kiangazi. Shangazi alipandishwa kwenye lori pamoja na mlango wa nyumba yake, maana alikataa kuuacha. Msimu wa kwanza ulikuwa mchungu. Alikwenda kwa miguu hadi kwenye mikorosho yake, akakuta nyani wamemtangulia. Alilia mbele yangu, na mimi sikuwahi kumwona akilia. Kila nilipotoka kwake nilirudi mjini nina hasira, nazunguka ufukweni bila kujua natafuta nini.

Miaka ikapita, ukali wa serikali ukapungua. Waliotaka kurudi mashambani hawakuzuiwa tena. Nikaomba ruhusa kazini, nikapanda basi kwenda kumfungia shangazi mizigo. Nilimkuta anakandika ukuta wa chumba kipya.

"Shikamoo, shangazi. Hatuendi?"

"Marahaba, mwanangu. Twende wapi?"

"Kwenye mikorosho."

"Huku nikiumwa naita, mtu anaitika. Kule niliishi na nyani."

"Lakini ulilia."

"Nililia, na kilio kile kilikuwa cha kweli." Akachota udongo mwingine. "Na asije mtu akasema alinipeleka kwa hiari yangu. Nimezoea. Kuzoea si kukubali."

Jirani yake alikuwa amekwisha kurudi shambani zamani, kang'oa hata nguzo, palibaki mashimo. Naye, siku tulipomhoji, alisema ndiyo.

Nilikusudia kulala pale, nikashindwa. Nikarudi na basi la alasiri, njia nzima najibizana moyoni na mtafiti, na afisa, na shangazi, na kila mmoja akinishinda kwa zamu yake.