Kanisa Lililofuata Kivuli

Zamani kanisa letu la Kakuma lilihama pamoja na kivuli hata kabla ibada haijaisha. Siku hizi limejengwa kwa saruji, na watu wake wamegandishwa ndani yake.

Tuliabudu chini ya mti wa ewoi, yaani mgunga, kando ya laga ya Tarach, mto unaojaa maji msimu wa mvua tu. Aliyetuhamisha ni Nakiru, muuza tumbaku sokoni, mwanamke mwenye ulimi mkali. Jua likianza kuwachoma waliokaa ukingoni, alipaza sauti: "Kivuli kimehama!" Hata mhubiri alinyamaza. Kila mtu aliinua ngozi yake ya kukalia au mtungi wake akasogea, na katika kusogea huko mke wa chifu alijikuta nyuma, na Liliane, mkimbizi aliyefika juzi tu kutoka Kongo, akajikuta mbele. Hakuna aliyekuwa na mahali pake.

Kisha akaja Mchungaji Shadrack na wimbo wake wa mwelekeo mpya. Sikukataa jengo la mabati; mchanga wa msingi nilibeba mwenyewe. Lakini kamati ikaamua mabenchi yajengwe kwa saruji, ya mbele yawe ya viongozi, wakimbizi wakae mlangoni, upepo unakoingia na vumbi.

"Jengeni," Nakiru aliwaambia, "ila mabenchi yawe ya mbao. Mkiyagandisha hapo, watu wetu wa kambini watakuwa wageni mpaka wafe."

"Mama, hayo ni mawazo ya zamani," Mchungaji akajibu.

Ya zamani! Kijana aliyeokota neno "mabadiliko" kwenye semina Lodwar, akaja kutufunga nalo.

Jumapili ya kwanza ndani, mabati yalipochemka kwa jua na watu wa mlangoni wakawa wanajifunika macho, Nakiru alisimama katikati ya mahubiri.

"Kivuli kimehama!"

Kanisa zima likainuka. Mazoea. Mchungaji akadhani ni Roho, akapiga kelele: "Haleluya! Pokeeni!" Tukabaki wima kama mbuzi waliofika kwenye kisima kikavu, maana hapakuwa na pa kusogea. Atem, seremala kutoka Sudan Kusini, akashindwa kuzuia kicheko.

Mchungaji alipoelewa, uso ulimbadilika. "Kaeni chini! Mama Nakiru, humu kivuli hakihami."

"Basi mkae nacho." Akakunja ngozi yake.

"Maman, tunaenda wapi?" Liliane akamuuliza.

"Sijui. Chukua mtungi wako."

Watu wa mlangoni wote walimfuata, nami nyuma yao na magoti yangu mabovu. Kamati haikumwita hata mmoja. Nasikia walishukuru kwamba sasa kuna nafasi.

Mara ya mwisho niliwaona nikiwa juu ya lori, napelekwa Lodwar kwa binti yangu. Walikuwa ng'ambo ya laga, chini ya ewoi mdogo ambao kivuli chake hakikutosha hata nusu yao. Nakiru aliinua mkono, wakaokota vitu vyao wakaanza kusogea. Nyuma kabisa, juani, mke wa chifu, ambaye tulimwacha kwenye benchi la mbele, alikuwa anahangaika na ngozi yake, na Liliane akarudi kumshikia upande mmoja.