Shukrani kwa Sodiamu ya Nyota

Falone hufundisha kemia katika shule moja ya sekondari hapa Bunia, na ana ugonjwa mmoja tu: haraka. Nimeimba naye kwaya miaka mingi. Hata wimbo yeye huumaliza kabla yetu.

Mwaka jana alijiunga na masomo ya nyota kwa mtandao. Profesa wake aliwagawia wanafunzi mwanga wa nyota za kundi moja kongwe, nyota nyingi mno zilizobanana kama mpira. Kila mmoja alipata jitu jekundu lake, yaani nyota iliyozeeka na kuvimba, apime ina kiasi gani cha chuma, oksijeni na sodiamu. Mwanga ukitandazwa rangi kwa rangi, kila elementi huacha mistari yake myeusi. Mistari ya sodiamu ya Falone ilikuwa minene ajabu. Akapima, akawapita wenzake wote kwa wingi wa sodiamu.

Mtu mwingine angesubiri profesa ahakikishe. Falone alikimbilia kwa pasta kuomba siku ya action de grâce, ibada ya shukrani. Kwetu baraka haifichwi nyumbani; unaileta mbele ya kanisa na kitu mkononi. Mama yake, Mama Léonie, aliyekimbia vita kule Bule na sasa anaishi kambini, alileta kuku wake wa pekee. Tulicheza mpaka vumbi likatuingia puani. Kambini wakaanza kumwita Mama Nyota.

Wiki iliyofuata profesa akajibu: atazame pia nyota za jirani. Falone akatazama. Mistari ile minene ilikuwepo hata kwenye nyota zisizo na sodiamu nyingi, mahali pale pale. Sehemu kubwa ya ile sodiamu ilikuwa ya gesi iliyotanda njiani, kati ya kundi lile na sisi. Alipoiondoa, jitu lake likabaki nyota ya kawaida kabisa.

Aibu ilimshika mpaka akawa anazunguka mbali asipite mbele ya kanisa. Na kuku alishaliwa. Mimi mwenyewe nilikula paja.

Jumamosi nilimsindikiza kambini. Mama Léonie alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Mama, nilikosea," Falone alisema, macho chini. "Ile sodiamu haiko ya nyota. Iko ya njiani."

Mama alichambua majani mengine kwanza.

"Mu kanisa utasema weye?"

"Nitasema kesho."

"Na huku? Huku ni miye nilisema, hema kwa hema."

"Unisamehe, mama. Batakucheka."

"Batacheka." Akapangusa mikono, akakaza kitenge. "Simama, twende."

Kwenye hema la kwanza Falone alitamani ardhi immeze. Mama akamshika mkono, akapiga hodi, watu wakatoka, wengine wakasogea kutoka mahema ya jirani.

"Mutoto wangu alikosea ile nyota," akasema kwa sauti. "Nimemuleta aseme yeye mwenyewe."

Falone akarudi nyuma hatua moja. Wakaanza kucheka. Mama Léonie hakumwachia mkono, akangoja mpaka Falone aliposema mwenyewe kwamba ile sodiamu ilikuwa ya njiani.